Mati au Glosi? Kuchagua Vanishi ya Mwisho ya Modeli za Plastiki

Assalamu alaykum, watazamaji wangu, na karibuni tena mezani kwangu hapa Michenzani, mjini Zanzibar. Leo nimeweka modeli mbili mbele ya kamera. Ya kushoto ni ndege ya kivita ya Kiingereza, Spitfire, ya kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ya kweli, ambayo kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa haifiki hata sentimita 16. Ya kulia ni gari ndogo nyekundu ya kipimo cha 1/24. Zote mbili zimekwisha kuungwa na kupakwa rangi, kwa hiyo sitaonyesha kukata vipande wala kutia gundi. Kilichobaki ni vanishi ya mwisho, na swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: je, modeli imalizwe kwa mati, yaani vanishi isiyong'aa, au kwa glosi, yaani vanishi inayong'aa?

Mimi huwaomba watu wasichague vanishi ya modeli nzima. Chagueni ya kila sehemu, kwa kutazama kitu chenyewe kilivyo duniani, na mjue tangu sasa kwamba hata modeli itakayomalizwa kwa mati ni lazima ipite kwenye glosi kwanza. Anayetaka kuliona jambo hili bila ya kununua kitu chochote, na aende Malindi, hapahapa mjini, wakati maji yametoka, akalitazame jahazi lililokaa juu ya mchanga. Ubavuni, pale mbao zilipopakwa sifa, yaani mafuta ya papa, jua linateleza na kumrudia machoni. Chini, pale palipopakwa deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na mafuta, weupe umetulia na haurudishi mwanga. Chombo ni kimoja, na kila sehemu imepata ngozi yake.

Tuanze na kijiko. Hiki ni kijiko cha plastiki cha kawaida, nimekipaka kijani kilekile cha ndege, kisha nusu yake nimeipitishia glosi na nusu ya pili mati. Nakisogeza karibu na kamera ili muone vizuri. Upande wa glosi kijani kimekuwa kizito na kimeiva, kama jani la mkarafuu lililonyeshewa mvua, na upande wa mati kimepauka kidogo, kama jani hilohilo likiwa kando ya barabara ya vumbi. Rangi ni moja na imetoka katika chupa moja. Glosi ni laini juu, hivyo mwanga huupiga uso wake na kurudi kwa pamoja upande mmoja, ambapo mati ina unga laini sana wa silika ndani yake, unaoufanya uso uwe na vijinundu visivyoonekana na kuutawanya mwanga kila upande. Ukumbukeni unga huo, kwa sababu ndio utakaotusumbua baadaye. Kijiko hiki hukipaka kabla ya kila modeli, na sijapata kujuta kwa dakika nilizokipa kijiko.

Jambo la pili ni umbali. Ukiitazama ndege ya 1/72 ikiwa sentimita 30 kutoka machoni, ni sawa na kusimama mita 21.6 kutoka kwenye ndege ya kweli. Kwa gari ya 1/24, sentimita hizo 30 ni sawa na mita 7.2, ambao ni umbali wa kutoka baraza moja hadi baraza la ng'ambo ya njia pana. Katika mita 7, gari iliyooshwa bado inang'aa kiasi cha kuonyesha madirisha ya nyumba kwenye mlango wake. Katika mita 21, mng'aro mdogo wa rangi ya kivita umekwisha kumezwa na hewa, na ndiyo maana ndege za kivita za udogo huu huzimaliza kwa mati hata pale ambapo ndege ya kweli ilikuwa na mng'aro kidogo. Na mati katika vita haikuwa pambo. Uingereza iliwahi kuzipaka baadhi ya ndege zake za usiku rangi nyeusi isiyong'aa hata kidogo ili taa za adui zisizinase, na ukwaru wa rangi ile ulizipunguzia mwendo. Mimi huikumbuka habari hiyo kila ninapopitisha kidole juu ya mati iliyokauka.

Sasa tugawe sehemu. Katika gari hii, mwili wote utakuwa glosi, matairi na upande wa chini vitakuwa mati, na viti vitapata vanishi ya mng'aro wa kati, kwa sababu ngozi ya kiti kilichokaliwa hainyamazi kabisa wala haimetameti. Katika ndege, kila kitu kitakuwa mati isipokuwa kioo cha rubani na vitaa vya kwenye ncha za mabawa. Glosi haisamehi, kwani mkwaruzo wa msasa na ufa wa mahali vipande vilipoungana vyote vitasimama wazi mara tu mwanga utakapovipiga, kwa hiyo anayetaka glosi apige msasa wa maji hadi namba 2000 kabla hajafungua kopo. Mati huficha mengi, lakini haipendi vidole, maana mafuta ya ngozi yakisuguliwa juu yake huacha doa linalong'aa ambalo halitoki kwa kitambaa.

Kuhusu vanishi zenyewe nitasema kwa ufupi. Mimi hutumia za kampuni ya Tamiya: glosi ya chupa ni X-22, mati ya chupa ni XF-86, na katika makopo ya spre glosi ni TS-13 na mati ni TS-80. Kuna chupa nyingine, X-21, ambayo ni dawa ya kuongezwa ndani ya rangi ili iwe mati, na haipakwi peke yake, kwani ikizidi huacha weupe. Makopo ya spre hayaruhusiwi kwenye ndege ya abiria, kwa hiyo anayekuagizia ajue mapema. Tafadhali msitumie vanishi ya milango kutoka duka la vifaa vya ujenzi, kwa sababu vanishi ya mafuta hugeuka manjano kadiri siku zinavyokwenda. Tena msitumie thina kali ya mafundi wa magari, kwa sababu huila plastiki hii na kuifanya laini kama mshumaa uliowekwa juani.

Tunaanza na glosi kwa modeli zote mbili. Kioo cha rubani nimekwisha kukifunika kwa tepu ya karatasi, nikaikata kwa wembe kufuata fremu. Glosi naipuliza kwa bomba dogo la hewa, safu nyembamba, nasubiri dakika 15, kisha safu ya pili iliyolowa zaidi. Sababu ya kuipaka glosi ndege ambayo mwishowe itakuwa mati ni stika za maji, yaani alama nyembamba zinazoloweshwa majini kabla ya kubandikwa. Stika ikiwekwa juu ya uso wenye ukwaru hukaa juu ya vijinundu, na hewa inabaki chini yake. Ikikauka, hewa ile hung'aa kama magamba ya dagaa, na alama ya duara kwenye bawa inaonekana ni kipande cha plastiki kilichobandikwa badala ya rangi iliyopakwa. Juu ya glosi hakuna mahali pa hewa kujificha.

Subirini kidogo. Kamera imenionyesha kitu ambacho macho yangu hayakukiona. Hapa, juu ya boneti ya gari, kumetua uzi mwembamba, na glosi bado imelowa. Nausogeza mwanga ili muuone. Mkono unataka kuuondoa, lakini msiuguse. Ukiuvuta sasa utaacha mfereji mrefu kuliko uzi wenyewe. Tunauacha ukauke kabisa pamoja na vanishi, ndipo tunaupitia kwa msasa wa maji wa namba 2000 hadi ulale, kisha tunaongeza safu moja ya glosi. Uzi huu nadhani umetoka kwenye kawa. Jana nilifunika modeli kwa kawa, na ukili hupukutisha nyuzi. Kuanzia leo nitafunika kwa beseni la plastiki lililofutwa kwa kitambaa kibichi, na nawaomba nanyi mfanye hivyo.

Sasa zimepita siku kadhaa. Stika nimeziweka jana nyuma ya kamera, siku mbili baada ya glosi kukauka. Maji ya vuguvugu, nusu dakika, unaziteleza mahali pake, unakamua maji kwa pamba. Baada ya hapo nimepuliza tena glosi nyembamba ili kuzifungia. Anayetumia TS-13 kufungia stika apulize kwa umbali na kwa wepesi, kwa sababu kimiminika chake ni kikali na kikilowesha stika huikunja.

Glosi ya gari tumeimaliza, ukiacha boneti. Tunaingia kwenye mati ya ndege, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo nilipoiharibu kazi ya mwezi mzima. Tikiseni kopo. Unga wa silika huzama chini, na kopo lililokaa wiki moja tu huwa na maji juu na tope chini. Tikiseni kwa dakika mbili kamili kwa saa, msikadirie. Aliye na chupa akoroge hadi chini kabisa kwa kijiti na akitazame kijiti kinapotoka. Ikiwa ncha yake bado ina uji mweupe, aendelee kukoroga.

Na la pili, ambalo kwetu visiwani ni kubwa kuliko la kwanza: angalieni unyevu wa hewa. Mwaka uliopita, katikati ya masika, nilikuwa na ndege kama hii niliyomwahidi mtoto wa dada yangu kwa kumaliza mtihani wake wa skuli. Mvua ilikuwa imekatika kwa saa moja, nikadhani hewa imekauka, nikatoka roshani na kupuliza mati. Katika muda wa kuhesabu hadi kumi, kijani na kahawia vilififia mbele ya macho yangu na kuwa rangi ya jivu, na mistari yote ya mabawa niliyoichora kwa wino ikazama ndani ya ukungu mweupe. Kimiminika cha spre kinapokauka hupoza uso wa modeli, na hewa ikiwa imeshiba maji, maji yale hutua juu ya vanishi mbichi na kunaswa humo. Niliumia sana, na mtoto naye alisubiri wiki mbili zaidi.

Ninacho sasa kipimo kidogo cha unyevu, na sipulizi mati kikipita asilimia 65. Asubuhi ya leo baada ya alfajiri kilisoma 84. Sasa ni baada ya adhuhuri, kaskazi inavuma, madirisha ya pande zote mbili yako wazi, na kinasoma 62. Wakati wa masika mimi huacha kabisa kupuliza mati ya kopo, na wiki hizo nazitumia kwa kuunga na kupiga msasa. Asiyekuwa na kipimo na atazame chumvi ya mezani. Ikiwa imegandamana ndani ya chombo chake, asipulize siku hiyo.

Aliyekwisha kupatwa na weupe asiitupe modeli. Aisubiri ikauke siku nzima, achague mchana mkavu, kisha apulize safu moja iliyolowa ya glosi juu ya weupe wote. Mara nyingi glosi huingia katikati ya chembe za unga na kuzijaza, na rangi hurudi mbele ya macho. Ndege ya mtoto wa dada yangu ilirudi kwa njia hiyo, na hadi leo ipo juu ya kabati lake. Baada ya hapo mati huanza upya.

Haya, tupulize. Nimetikisa dakika mbili, na kabla ya kuanza natikisa tena, tena mbele yenu, ili asiwepo wa kusema hakuona. Umbali ni sentimita 20. Naanza kupuliza nje ya bawa, napita juu yake, namalizia nje upande wa pili, ili lile tone zito la mwanzo lisitue juu ya modeli. Mpito wa kwanza ni ukungu tu na bado bawa linang'aa, jambo ambalo ni sawa. Nasubiri dakika 10. Mpito wa pili. Tazameni sasa ubavuni, nyuma ya bawa: mng'aro unaondoka polepole, na alama ya duara imeanza kuzama ndani ya rangi kana kwamba ilipakwa nayo siku moja. Pale kwenye mkia pamebaki doa linalong'aa, na kamera inalionyesha wazi. Silipulizi sasa hivi, kwa sababu mati iliyolowa hung'aa kabla haijakauka, na anayeharakisha hurundika safu mpaka uso unakuwa kama chokaa. Nasubiri tena dakika 10. Limeondoka lenyewe.

Sasa tepu ya kioo. Naivuta kwa kibano, taratibu, nikiilaza nyuma juu yake yenyewe badala ya kuinyanyua juu. Kioo kimetoka safi, na katikati ya mwili wote ulionyamaza ni hicho peke yake kinachorudisha dirisha langu. Naifunika ndege kwa beseni hadi kesho alasiri, na asubuhi narudi kwenye boneti ya gari nikiwa na msasa wa maji.