Swali Litangulie Kifaa

Waheshimiwa wakuu wa shule, walimu wenzangu, na wazazi mliotenga muda wenu kuja kutusikiliza, hamjambo.

Nianze na Peru. Serikali ya nchi hiyo iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta mpakato kwa watoto wa shule za msingi, nyingi zikaenda vijijini, chini ya mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto. Nia ilikuwa njema kabisa. Mwaka 2012 ilitoka tathmini ya Benki ya Maendeleo ya Mabara ya Amerika iliyohusisha shule 319. Watoto walizitumia kompyuta zile na wakazizoea. Ila alama zao za hisabati na lugha hazikuwapita wenzao ambao hawakupewa. Shule nyingi hazikuwa na intaneti, na walimu hawakusaidiwa vya kutosha kujua kompyuta ile inaingia wapi katika somo la kesho asubuhi.

Kila ninaposikia shule imepata vifaa vipya hufurahi, kisha hujiuliza: mwalimu ameshirikishwa? Kifaa hakijui mwanafunzi huyu anasumbuliwa na swali gani. Anayejua, au anayeweza kujua akimsikiliza, ni mwalimu.

Nataka tulitazame hili kwa karibu, kwa somo moja tu. Mwaka 1967 Seymour Papert, Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon walibuni Logo, lugha ya kompyuta iliyokusudiwa watoto. Baadaye ikapata kobe wake maarufu, roboti mdogo au alama ya kwenye skrini: mtoto anampa amri, kobe anatembea huku akichora mstari. Sasa mwambie mwanafunzi achore pembetatu yenye pande sawa. Daftarini ameandika kwamba kila pembe yake ni nyuzi 60, na ni kweli. Basi anaandika: mbele 100, kulia 60, rudia mara tatu. Kobe anakwenda, anakata kona, anakwenda tena, na mwisho wake mchoro umebaki wazi. Imetoka nusu ya umbo la pande sita.

Mwanafunzi anaduwaa. Akiachwa peke yake ataanza kubahatisha: 70, 80, 100, mpaka mistari ikutane. Itakutana, naye atakuwa hajajifunza kitu. Mwalimu anayeijua kazi yake hamtajii jibu. Anamwambia, "Simama. Kuwa kobe wewe mwenyewe." Mwanafunzi anatembea hatua tano sakafuni, anafika konani, anageuka kuufuata upande wa pili. Anageuka sana, kuliko alivyotarajia. Hapo ndipo anapogundua kwamba mwili wake unageuka kwa pembe ya nje, wala si ile ya ndani aliyoiandika daftarini. Akimaliza pande zote tatu na kuelekea tena kule alikoanzia, amezunguka mzunguko mmoja kamili, nyuzi 360. Gawanya kwa tatu: 120. Baada ya hapo humfundishi tena mraba, wala umbo la pande tano, wala la pande kumi. Anakuja kukuonyesha yeye.

Kompyuta ilifanya kazi yake pale: ilitii amri yenye kosa bila kuficha kosa. Mwalimu naye alifanya ya kwake, akaligeuza kosa kuwa swali ambalo mtoto alitaka kulijibu. Huko ndiko kulifanya somo limguse mwanafunzi. Wapo wanaodhani inatosha kutia majina ya wachezaji mashuhuri katika hesabu za kujumlisha, au kuweka muziki kwenye video ya somo. Mwanafunzi haimchukui dakika mbili kutambua kwamba hesabu ni ileile aliyoichoka jana.

Wala haihitaji vifaa vya kifahari. Simika kijiti wima uwanjani, wanafunzi wapime kivuli chake kila baada ya robo saa, waingize vipimo kwenye lahajedwali, yaani jedwali la hesabu la kompyuta, na wachore grafu. Wengi watatarajia kivuli kiwe kifupi kabisa saa sita kamili mchana. Mahali pengi haitakuwa hivyo. Waache wabishane: tumepima vibaya, au saa inasema uongo? Ubishi huo utawapeleka kwenye longitudo na majira ya saa, na hakuna atakayeuliza jiografia ina faida gani.

Paulo Freire, mwelimishaji wa Brazili, aliliona hili upande wa kusoma na kuandika. Mwaka 1963, katika mji wa Angicos nchini humo, mpango aliouongoza uliwafundisha watu wazima wapatao 300 kusoma kwa muda wa saa 40 hivi. Teknolojia ilikuwapo: projekta za picha mgando. Lakini kabla ya projekta kuwashwa, walimu walikwenda kwa watu, wakasikiliza maneno wanayoyatumia kazini na nyumbani. Maneno hayo ndiyo yaliyorudi darasani yakiwa yameambatana na picha, yakajadiliwa kwanza, kisha yakavunjwa silabi. Mpangilio huo ndio ninaousisitiza: kusikiliza kwanza, kuwasha mashine baadaye.

Najua mnangoja niseme juu ya akili mnemba. Mwanafunzi leo anaandika swali la insha, na sekunde chache baadaye ana kurasa mbili zilizonyooka. Kupiga marufuku peke yake hakutatufikisha mbali, na kunyamaza ni hatari zaidi. Mimi ningelileta jibu lile darasani, mbele ya wote. Hili limesemwa, limetoka wapi? Mfano huu ni wa kweli? Nani anaweza kuuthibitisha kitabuni? Programu hizi hutunga mambo yasiyokuwapo kwa lugha ya kujiamini, na mwanafunzi aliyewahi kuzinasa zikidanganya mara moja hatazisoma tena kwa macho yaleyale. Ila swali la insha nalo tulitazame upya. Ikiwa mashine inalijibu vizuri bila kumjua mwanafunzi wala mazingira yake, huenda swali letu halikumhitaji mwanafunzi tangu mwanzo.

Wakuu wa shule, sasa nawageukia ninyi. Haya yote yanahitaji muda. Somo la kobe haliandaliwi kwenye mapumziko ya dakika kumi, na mwalimu mwenye vipindi vinavyofuatana kutwa nzima atarudi kwenye ubao na kunukuu, hata darasa likijaa kompyuta. Mnapopanga bajeti ya vifaa, pangeni pamoja nayo saa za walimu kuketi wawili wawili, kukijaribu kifaa, kukosea nacho, na kutembeleana madarasani. Na kama pesa hazitoshi vyote viwili, nunueni vifaa vichache. Wanafunzi watatu kwenye kompyuta moja watabishana kabla ya kubonyeza, na hilo kwa somo kama la pembetatu ni bora kuliko kila mmoja na yake.