Chenga na undani: jinsi ya kulinganisha vihisi viwili vya kamera

Mabibi na mabwana, karibuni. Ukutani mnaona vipande viwili vya picha ya kadi moja ya kijivu. Cha kushoto kimetoka kwenye kihisi (kile kibamba kinachopokea mwanga ndani ya kamera) cha megapikseli 24, cha kulia kwenye kihisi cha megapikseli 61, na vihisi vyote viwili vina ukubwa wa milimita 36 kwa 24. Nimevikuza hadi kila pikseli ya picha ikae kwenye pikseli moja ya skrini. Cha kulia kina chenga zaidi, yaani vijidoa vya kubahatisha vinavyochafua picha, hilo halina ubishi, na hapa ndipo wengi hufunga kesi: megapikseli nyingi, chenga nyingi.

Naomba tusiifunge bado. Picha ya kwanza ina upana wa pikseli 6000, ya pili 9504. Ukizitazama pikseli kwa pikseli, ya pili umeikuza karibu mara 1.6 zaidi ya mwenzake. Umemtazama mmoja kwa macho na mwingine kwa kioo cha kukuzia, kisha ukamlaumu wa pili kwamba ana mikunjo.

Tuulize kwanza chenga zinatoka wapi. Mwanga hushuka kama mvua, tone baada ya tone, bila mpangilio. Tega vikombe viwili vilivyo sawa kwa dakika moja, havitapata matone sawa. Fotoni, yaani chembe za mwanga, nazo ni hivyo hivyo, na kuyumba kwake kuna kanuni: pikseli ikinasa wastani wa elektroni 3600 (chembe za umeme zinazotolewa na fotoni), hesabu yake huyumba kwa kipeuo cha pili cha namba hiyo, yaani 60. Gawanya 3600 kwa 60, unapata uwiano wa mwanga kwa chenga wa 60. Uwiano ukiwa mkubwa, picha ni laini.

Sasa likate eneo la pikseli hiyo liwe pikseli 4 ndogo. Kila moja inapata elektroni 900, inayumba kwa 30, uwiano umeshuka hadi 30. Hizo ndizo chenga za kulia. Lakini zijumlishe hizo 4: elektroni 3600, kuyumba 60. Tumerudi pale pale. Mvua iliyonyesha juu ya kihisi haikubadilika, tumebadilisha vikombe tu.

Kuna mahali hesabu hii inapasuka, na nataka tukae hapo kidogo. Kila pikseli inaposomwa, mzunguko wa umeme huongeza chenga zake, tuseme elektroni 3. Penye mwanga mwingi hazionekani. Twende kwenye kivuli kizito, ambako pikseli kubwa imepata elektroni 16 tu. Chenga hujumlishwa kwa miraba yake: 16 za mwanga na 9 za usomaji ni 25, kipeuo chake 5, na uwiano ni 3.2. Zile 4 ndogo zimepata elektroni 16 zile zile, ila zimesomwa mara 4: 16 na 36 ni 52, kipeuo ni 7.2, uwiano ni 2.2. Kwa hiyo pikseli ndogo hulipa gharama yake gizani. Katika vihisi vya sasa gharama hiyo mara nyingi ni ndogo kuliko mfano wangu, kwa kuwa pikseli ndogo aghalabu husomwa kwa chenga pungufu. Anayetaka kutofautisha vihisi viwili na avitafute vivulini. Kwenye anga la mchana atavikuta karibu mapacha.

ISO, ile namba ya kamera ya kupandisha mng'ao wa picha, nayo imesingiziwa mno. Chenga huletwa na upungufu wa mwanga. Unapopandisha ISO, kamera hufupisha shata, yaani muda wa kupokea mwanga, au hubana tundu la lenzi, na mwanga uliopungua ndio unaochafua picha. Shata na tundu vikibaki vilivyo, ISO ya juu katika kamera nyingi husafisha vivuli kidogo. Halafu ISO 3200 ya kamera moja si lazima iwe sawa na ya nyingine, maana kiwango cha ISO 12232 kinawapa watengenezaji nafasi ya kuamua wenyewe. Linganisheni kwa shata na tundu vilivyowekwa kwa mkono, na lenzi ile ile inapowezekana.

Kipimo chenyewe hufanywa hivi. Kamera iwe juu ya stendi ya miguu mitatu, faili ziwe ghafi, yaani data ya kihisi kabla kamera haijaichakata. JPEG haifai kabisa hapa, kwa sababu kamera imeshapiga pasi chenga pamoja na undani. Kwenye programu ya kufungulia faili, upunguzaji wa chenga na unoaji wa kingo viwe sifuri. Taa za umeme humetameta mara 100 au 120 kwa sekunde, hivyo shata ya 1/500 hunasa kipande tu cha mmeto na kila picha hutoka na mwanga wake. Shata ya 1/10 hubeba mimeto kamili 10 au 12, nayo inafaa popote. Kadi ya kijivu itoe kwenye fokasi makusudi, ili unyuzi wa karatasi usihesabiwe kama chenga.

Piga picha mbili mfululizo bila kugusa kitu, kisha toa moja kwenye nyingine. Vumbi, giza la pembeni mwa lenzi na madoa ya kudumu ya kihisi vyote hufutika, zinabaki chenga tupu. Pima mkengeuko sanifu wa tofauti hiyo, yaani kiasi namba zinavyotawanyika kutoka wastani wake, ugawanye kwa 1.41, kwa kuwa umejumlisha chenga za picha mbili. Programu yenu ihifadhi namba hasi, la sivyo nusu ya chenga itakatwa na jibu litapendeza kwa uongo. Na kabla ya kutafuta uwiano, ondoeni kiwango cha nyeusi: kamera nyingi huanza kuhesabu kutoka namba kama 512, wala si sifuri.

Ila kabla ya kupima mkengeuko huo, fikisha picha za kamera zote mbili kwenye upana mmoja. Mbinu ya kupunguza ina uzito wake. Ile inayookota pikseli moja na kuzitupa jirani zake huacha chenga zote. Tumieni inayochanganya pikseli, mathalani Lanczos.

Vihisi vikitofautiana ukubwa, hesabuni mwanga wa kihisi kizima. Milimita 36 kwa 24 ni eneo la 864, na 17.3 kwa 13 ni takriban 225, karibu robo. Lenzi ya milimita 50 kwenye f/8 na ya milimita 25 kwenye f/4 zote zina tundu la milimita 6.25, yaani urefu wa fokasi ukigawanywa kwa namba ya f. Kwa shata ile ile, kihisi kikubwa hapo hakina mwanga wa ziada hata kidogo. Faida yake huja unapoweza kulifungua tundu zaidi, au kuongeza muda.

Undani hupimwa kwa ukingo wa nyeusi na nyeupe uliolazwa nyuzi 5 hivi. Piga mara 10, kila mara ukitafuta fokasi upya, uchukue picha bora kuliko zote badala ya wastani, kwani kosa la fokasi hushusha tu. Msitarajie makubwa mno: kutoka 24 hadi 61 ni mara 2.5 kwa idadi, lakini kwa upana ni hiyo mara 1.6. Tena kwenye f/16 nukta ya mwanga hutanuka hadi mikromita 21 hivi, wakati pikseli ya kihisi cha 61 ni mikromita 3.8. Hapo ziada karibu yote imepotea. Pimeni kwenye f/5.6.

Namba ya chenga isikubaliwe peke yake. Ziko kamera zinazolainisha hata faili ghafi, na chenga zilizolainishwa hushikana mabonge. Piga picha ukiwa umefunga kifuniko cha lenzi, ongeza mwanga wake kwenye programu, utazame kwa karibu. Chenga za kweli zimesimama moja moja kama mchanga. Mkiona mabaka, faili imeguswa.

Vihisi vyenu vimepumzika na vimepoa sawa, jambo muhimu, kwani elektroni zinazozaliwa na joto, ambazo huleta chenga zake, huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi joto 6 hadi 8 za Selsiasi. Fungeni vifuniko, shata iwe sekunde 1/10, tuanze na hiyo picha nyeusi.