Sigara na Sura Yako: Ngozi, Midomo, Meno, Kucha na Nywele

NEEMA: Haya karibuni tena wasikilizaji wetu, ni mimi Neema na niko na kaka yangu Salum kama kawaida. Leo tunaongelea sigara ila sio mapafu wala moyo, hizo habari watu wameshazisikia mpaka zinaingia sikio hili zinatokea lile. Leo ni sura. Ngozi, midomo, meno, kucha, nywele, vyote ambavyo mtu anaviona kwenye kioo asubuhi.

SALUM: Asante dada Neema. Mi mada hii nimeitaka siku nyingi kwasababu kijana wa miaka ishirini na kitu ukimwambia ataumwa akifika sitini anaona unamtishia tu, sitini kwake ni mbali mno, lakini ukimwambia hiyo ngozi ya chini ya macho imeshaanza kulegea kabla ya wakati wake hapo anakaa anasikiliza. Na wala sio vibaya, kila mtu ana kinachomgusa.

NEEMA: Sasa tuanzie hapa, watu wengi wanajua moshi unaichafua ngozi kwa nje, yaani unapita usoni unaacha uchafu wake, ndo maana wanakimbilia skrabu na makrimu. Ni kweli hiyo?

SALUM: Moshi wa nje nao unachangia, unakausha ngozi, lakini kazi kubwa inafanyika ndani. Ukivuta tu, nikotini inaingia kwenye damu na ndani ya sekunde chache iko kwenye ubongo, na huko inakopita inabana mishipa ya damu, hasa ile midogo midogo inayolisha ngozi. Wakati huohuo kwenye moshi kuna gesi inaitwa kaboni monoksaidi, hii gesi inang'ang'ania himoglobini ambayo ndo inabeba oksijeni kwenye damu, na inaing'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe inavyoshika. Kwahiyo njia imebanwa, halafu hata hiyo damu kidogo inayopita imebeba oksijeni pungufu.

NEEMA: Kwahiyo ngozi inashinda njaa.

SALUM: Inashinda njaa! Na mtu wa pakti moja kwa siku, hizo ni sigara 20, anarudia hiyo kitu mara ishirini, haijakaa sawa vizuri kashawasha nyingine. Ndo maana ile rangi inakuwa imefifia, uso hauna damu, weupe wanakuwa wa kijivu kijivu na sisi wenye ngozi nyeusi tunapauka, hata upake mafuta gani ule mng'ao hauji. Kupaka krimu ya bei mbaya huku bado unavuta ni sawa na kufuta majani ya mti na kitambaa wakati mizizi haina maji.

NEEMA: Na makunyanzi yanatoka wapi hapo?

SALUM: Kuna kitu kinaitwa kolajeni, hiyo ni protini inayoshikilia ngozi ikae imara, na kuna elastini, hiyo ndo inafanya ukivuta ngozi halafu ukaiachia inarudi mahali pake. Moshi wa sigara unapunguza mwili kutengeneza kolajeni mpya na hapohapo unaongeza vimeng'enya vinavyoivunja ile ya zamani. Kinachojengwa kimepungua, kinachobomolewa kimeongezeka. Na wavutaji huwa wana vitamini C kidogo mwilini, wakati vitamini C ndo inahitajika kutengenezea hiyohiyo kolajeni.

NEEMA: Mtu atasema hayo ni jua tu, au ni umri, au ni ukoo wao.

SALUM: Na swali hilo ni zuri maana jua kweli linazeesha ngozi, na umri pia. Ila madaktari walishajiuliza zamani. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Marekani, Harry Daniell, alitoa utafiti wake kuhusu mikunjo ya uso, akaonyesha wavutaji wana makunyanzi zaidi hata ukishaweka pembeni umri na jua. Halafu mwaka 1985 daktari wa Uingereza, Douglas Model, akaandika kwenye jarida la madaktari la kule kuhusu kile alichokiita sura ya mvutaji. Alisema karibu nusu ya watu waliovuta miaka 10 na zaidi unaweza kuwatambua kwa kuwaangalia uso tu. Mistari kuzunguka midomo na pembeni ya macho, mashavu yamebonyea mifupa inaonekana, ngozi imepauka.

NEEMA: Nusu ni wengi jamani. Ila mimi ule ulionimaliza kabisa ni ule wa mapacha.

SALUM: Hebu uelezee dada maana wewe ndo uliousoma.

NEEMA: Kuna mji Marekani, jimbo la Ohio, unaitwa Twinsburg, kila mwaka mapacha wanakusanyika huko kwenye tamasha lao. Watafiti wakaenda wakawapiga picha, wakapata jozi 79 ambazo pacha mmoja anavuta mwenzake havuti, au wote wanavuta ila mmoja amevuta miaka mingi kuliko mwenzie, angalau miaka 5 zaidi. Matokeo yakatoka 2013. Waliozikagua zile picha hawakuambiwa nani mvutaji nani sio. Sasa fikiria, watu wamezaliwa siku moja, mama mmoja, umri haubishaniwi na ukoo haubishaniwi. Na bado pacha mvutaji alionekana na mifuko zaidi chini ya macho, kope za juu zimelegea zaidi, ile mikunjo ya kutoka puani kuja mdomoni imezama zaidi, mistari kwenye mdomo wa juu, na ngozi ya kwenye taya inaning'inia.

SALUM: Na kitu kimoja kwenye utafiti ule, kwenye paji la uso hawakukuta tofauti ya maana.

NEEMA: Eeh, nilitaka kukisema hicho! Mikunjo ya paji la uso ilikuwa inalingana, tofauti ilikuwa zaidi kuanzia machoni kushuka chini. Na mimi hapo ndo nilipouamini zaidi kwasababu hawakusema sigara inaharibu kila kitu, walisema wapi imeonekana na wapi haijaonekana. Hata wale wanaovuta wote wawili, waliozidiana miaka 5 au zaidi ya kuvuta, walitofautiana mifuko ya macho.

SALUM: Na hapo mdomoni kuna kingine. We siku moja muangalie mtu anavyovuta, muangalie kwa karibu bila kumsemesha. Midomo inakusanyika kwa mbele inabana kipisi, mashavu yanaingia ndani, halafu moshi unapanda machoni anafinya jicho moja. Anashusha mkono, anapuliza, midomo inakusanyika tena. Sasa huo mkunjo mmoja unaukunja mara ngapi kwa sigara moja, mara ngapi kwa siku, kwa mwaka, kwenye ngozi ambayo kolajeni yake inavunjwa kila siku, hauwezi kurudi sawa.

NEEMA: Na rangi ya midomo je, maana hii ndo watu wanatuuliza sana, midomo imeungua, fizi zimekuwa nyeusi.

SALUM: Fizi kuwa nyeusi kwa mvutaji inajulikana kabisa, zile kemikali za kwenye moshi zinaziamsha chembe zinazotengeneza melanini, ile rangi yetu ya asili, zinaanza kutoa rangi nyingi, na mara nyingi inaonekana kwenye fizi za mbele. Ila tuwe waangalifu hapa dada, wapo watu fizi zao nyeusi toka wamezaliwa na hawajawahi kugusa sigara, usimuone mtu ukamhukumu. Kwa mvutaji akiacha hiyo rangi huwa inafifia taratibu, inachukua miezi, wengine mwaka na zaidi.

NEEMA: Na kama kuna doa jeupe au jekundu mdomoni, au kidonda kimekaa zaidi ya wiki 2 au 3 hakiponi, hiyo sio habari ya urembo tena, nenda kaonwe na daktari. Nasema kwa msisitizo, usisubiri kianze kuuma, maana saratani ya kinywa mwanzoni inaweza isiume kabisa.

SALUM: Kabisa.

NEEMA: Meno.

SALUM: Meno wengi wanalijua lile la njano. Nikotini yenyewe haina rangi ila ikikutana na hewa inageuka njano, na lami ya kwenye moshi ni kahawia kuelekea nyeusi, vyote vinaganda kwenye meno. Unaweza kwenda kusafishwa yakang'aa, ukiendelea kuvuta yanarudi vilevile, hela imepotea. Ila mimi rangi hainisumbui sana, kinachonisumbua ni fizi kuoza na kurudi nyuma. Mvutaji ana hatari kama mara mbili ya asiyevuta kupata ugonjwa wa fizi, meno yanakuwa marefu kwasababu fizi imeshuka, yanaachana, yanalegea, mwisho yanatoka. Na jino likitoka na mfupa wake wa taya unapungua, shavu linaingia ndani, mtu wa arobaini unamuona babu.

NEEMA: Haya tuje kwenye kucha maana uliniambia una kitu.

SALUM: Ndio. Mjomba wangu amevuta miaka mingi sana, sigara mwanzo mwisho, vidole viwili vya kushikia vimekuwa rangi ya kahawia mpaka kwenye kucha. Akalazwa, akatoka hospitali hagusi tena. Baada ya muda namsalimia namshika mkono naona kucha ya kidole cha kati imegawanyika, huku chini karibu na nyama ni safi, ya pinki kabisa, halafu kuna mstari umenyooka, halafu kutoka mstari kwenda juu ni njano iliyoiva. Nikashangaa nikamuuliza, akasema hata yeye anauangalia kila siku unavyopanda.

NEEMA: Aisee. Yaani kucha imeandika siku aliyoacha.

SALUM: Imeandika! Na madaktari wanaujua huo mstari. Kucha za mkono zinakua kama milimita 3 hivi kwa mwezi, kwahiyo ukiupima unaweza kukadiria kabisa mtu ameacha lini. Ukifika kama nusu mwaka kucha yote inakuwa mpya.

NEEMA: Hicho kitu ningetamani kila anayeacha akijue, maana miezi ya mwanzo ni migumu, arosto inakusumbua, huoni faida yoyote, kumbe mkononi hapo kuna kitu kinakuonyesha kila wiki kwamba unasogea.

SALUM: Nywele tupite haraka. Zipo tafiti zilizokuta wavutaji wana mvi za mapema na upara zaidi kuliko wasiovuta, ila nywele ukoo una nguvu sana, kama baba na babu walikuwa na upara sigara sio ya kulaumiwa peke yake.

NEEMA: Na vidonda? Kuna mtu anataka kufanyiwa oparesheni ya kurekebisha sura.

SALUM: Huyo asimfiche daktari hata kidogo! Ngozi iliyonyimwa damu haiponi vizuri, mshono unaweza kuachia, kipande cha ngozi kinaweza kufa kabisa kikawa cheusi, kovu likawa baya kuliko kilichokuwepo. Ndo maana madaktari wa upasuaji wa urembo wengi wanamtaka mtu aache wiki 4 au zaidi kabla, na akae hivyo mpaka apone. Shirika la Afya Duniani nalo limesema mwaka 2020 kwamba kuacha kama wiki 4 kabla ya oparesheni yoyote kunapunguza matatizo.

NEEMA: Na wa vepu, yaani sigara za kielektroniki, na wa shisha wasijitoe hapa.

SALUM: Wasijitoe. Shisha ina mkaa unaowaka, kaboni monoksaidi iko pale nyingi tu, maji hayaichuji. Vepu haina lami kama ya sigara, lakini kama ina nikotini basi mishipa inabanwa vilevile.

NEEMA: Sasa mtu ameshavuta miaka, ameshaona mikunjo. Nini kinarudi na nini hakirudi? Tuwaambie ukweli.

SALUM: Ukweli ni kwamba ile kaboni monoksaidi inaisha kwenye damu ndani ya siku moja mbili, mzunguko wa damu unaboreka kuanzia wiki ya pili mpaka mwezi wa tatu hivi, na rangi ya uso ndo ya kwanza kubadilika, watu wataanza kukuuliza umetumia nini. Kucha zinarudi, fizi zinafifia weusi. Mkunjo uliozama haurudi wenyewe, na mfupa uliopungua kwenye taya haurudi, ila ule uharibifu wa kila siku unakuwa umesimama, na hapo sasa krimu ya kuzuia jua ina maana kwako.

NEEMA: Na kunenepa, maana kuna wadada wanavuta wakiogopa kunenepa.

SALUM: Wengi wanaongezeka, wastani kilo 4 mpaka 5 mwaka wa kwanza, wengine wanaongezeka zaidi na wengine hata wanapungua. Ila dada, wavutaji wana tabia ya mafuta kukaa tumboni, unakuta mtu miguu na mikono myembamba tumbo lipo, kwahiyo hiyo sigara haikuwekei umbo unalodhani. Tembea, punguza vitu vitamu vya kutafuna kila dakika, inawezekana.

NEEMA: Kingine ambacho watu hawaambiwi?

SALUM: Fizi kutoka damu. Ukiwa unavuta mishipa imebanwa, kwahiyo hata fizi zikiwa zinaumwa hazitoi damu sana, unajiona mzima. Ukiacha, damu inarudi, unapiga mswaki unaona mate mekundu, mtu anaogopa anasema mbona nilivyokuwa navuta sikuwa na hili tatizo, anarudi kwenye sigara. Tatizo lilikuwepo, lilikuwa limefichwa. Endelea kupiga mswaki taratibu, na nenda kwa daktari wa meno umwambie umeacha lini, akikusafisha vizuri fizi zinatulia.