Paka Wakubwa Jukwaani: Hatari Iliyo Ndani ya Onyesho Lenyewe

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kunialika na kwa kuacha shughuli zenu kuja kunisikiliza. Mada niliyopewa ni hatari za kufanya maonyesho na paka wakubwa, yaani simba, chui milia, chui na jamaa zao, mbele ya watazamaji. Mimi ni daktari wa wanyama, na wagonjwa wangu wengi wamekuwa paka waliozaliwa vizimbani na kukulia humo humo. Nawapenda wanyama hawa, na nawaheshimu watu waliojifunza kuingia nao ulingoni. Hata hivyo naamini kazi hii haina budi kukoma, na sababu yangu ya kwanza si ukali wa mnyama. Paka mkubwa anapokataa kufanya jambo, lililo salama ni moja tu: kumwacha, kurudi nyuma, kufunga mlango. Mtu aliye mbele ya mamia ya watazamaji, muziki unapigwa na taa zinamulika, hilo ndilo hasa asiloweza kulifanya. Onyesho limejengwa ili lisisimame.

Tuanze na ufundi wenyewe, kwa kuwa bila kuuelewa hatuwezi kuiona hatari ilipo. Wengi hudhani mjeledi na kiti ni silaha za mfunzaji. Heini Hediger, mtaalamu wa wanyama wa Uswisi aliyeongoza bustani ya wanyama ya Zurich, aliwachunguza wanyama wa sarakasi kwa makini, akaeleza kwamba kila mnyama ana mipaka yake miwili. Ukiuvuka wa kwanza, anakukimbia. Akikosa pa kukimbilia nawe ukazidi kumsogelea, unaufikia wa pili, na hapo anakugeukia. Mfunzaji anafanya kazi kwenye huo mpaka wa pili.

Mtazameni anavyompandisha simba kwenye stuli. Kwanza anamsogelea mpaka simba anafika kwenye nondo na hana tena nafasi ya kurudi nyuma. Kisha mfunzaji anapiga hatua moja mbele, na simba anamjia. Katikati yao ipo stuli, nayo iko kwenye njia fupi ya kumfikia mtu yule, kwa hiyo simba anaipanda. Papo hapo mfunzaji anarudi nyuma ile hatua moja. Simba hana tena sababu ya kuendelea, anabaki juu ya stuli, na watu wanapiga makofi. Mtazamaji anadhani ameona utii. Kumbe ameona shambulio lililochokozwa makusudi na kukatizwa njiani.

Hatua ile moja ndiyo riziki ya mfunzaji, na haina kipimo cha kudumu. Jike akiwa kwenye joto, madume yote ulingoni yanabadilika. Jino likioza, mnyama aliyevumilia kuguswa jana hataki leo. Dume linapokaribia kukomaa huanza kupima nani mkubwa, na kwenye upimaji huo mfunzaji naye anahesabiwa. Wenye uzoefu huyasoma haya kwenye masikio yaliyogeuzwa na kulazwa, kwenye ncha ya mkia inayochapa, kwenye jicho linalomfuata mtu mmoja tu. Na hapa watazamaji hudanganyika kirahisi. Anayenguruma na kuonyesha meno ndiye anayewatisha, ilhali huyo mara nyingi anaomba nafasi, anasema usisogee. Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama, na mtu yeyote aliyekaa na paka hawa atawaambia ni kweli tupu. Aliyenyamaza, akashusha kichwa na kuacha kupepesa macho, ndiye wa kuhofiwa, na kwa aliyekaa safu ya kumi anaonekana mpole kuliko wote.

Sasa niwapeleke Las Vegas, tarehe 3 Oktoba 2003. Siegfried Fischbacher na Roy Horn, Wajerumani wawili, walikuwa wakifanya onyesho lao katika hoteli ya Mirage tangu mwaka 1990. Siku hiyo Roy alikuwa anatimiza miaka 59. Alitoka jukwaani na Mantacore, chui milia mweupe wa miaka saba waliyemlea tangu akiwa mdogo, mwenye uzito wa kilo 170 hivi. Kati ya mnyama huyo na watazamaji hapakuwa na wavu wala nondo. Mnyama hakufuata alichozoea kufanya, akamng'ata Roy kwenye mkono wa nguo. Roy akamgonga kwa kipaza sauti akimwamuru aachie. Kisha Roy akaanguka, Mantacore akamshika shingoni na kumburuta hadi nyuma ya jukwaa. Wasaidizi walimpulizia mtungi wa kuzimia moto ili amwachie. Roy alipoteza damu nyingi, akapata kiharusi, akabaki amepooza upande mmoja. Onyesho lile halikurudi tena.

Maelezo ya chanzo hayakupatana. Siegfried na Roy walishikilia mpaka mwisho kwamba Roy alizidiwa kwanza na mnyama alikuwa anataka kumwokoa, kama chui milia anavyombeba mtoto wake kwa shingo. Mmoja wa waliokuwa wakiwatunza wanyama hao alisema miaka mingi baadaye kwamba Roy alimwongoza vibaya siku ile. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilichunguza isifikie uamuzi. Lakini chukueni maelezo yoyote mnayoyaamini, jambo moja halibadiliki. Dalili ya kwanza ilionekana kabla ya damu kumwagika: mnyama alikuwa ametoka nje ya mazoea yake. Mazoezini, hapo ndipo pa kusimama. Jukwaani, mtu aliendelea kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Nasema hivi bila kumlaumu Roy, ambaye inasemekana hata alipokuwa anakimbizwa hospitali aliomba mnyama yule asiuawe. Mantacore aliishi hadi 2014.

Kuna neno nimelisema upesi, nalirudia: Roy akaanguka. Ukizisoma habari za mikasa hii, kuanguka kunajitokeza mara kwa mara hadi kunaumiza moyo. Bolton, Uingereza, Januari 1872: Massarti, mfunzaji aliyekuwa amekwisha kupoteza mkono mmoja kwa simba miaka kumi kabla, aliteleza ndani ya kizimba cha simba na akauawa mbele ya watu. Bangor, jimbo la Maine, 1928: Mabel Stark, mwanamke aliyewazoea chui milia kuliko karibu mtu yeyote wa zama zake, aliteleza kwenye ulingo uliolowa mvua, wakamrarua vibaya. Alipona, akarudi kazini. Hamburg, Desemba 2009: mfunzaji kijana alijikwaa katikati ya onyesho na chui milia watatu wakamvamia.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Mtu aliyesimama wima, amewakabili, ana urefu ambao paka haupati kwa mawindo yake ya kawaida. Anapoanguka anakuwa na kimo cha swala aliyeangushwa. Kinachofuata hakihitaji chuki. Mwenzako aliyekaa karibu nawe, ukimtupia mpira ghafla, ataudaka kabla hajafikiri; ndivyo paka anavyomdaka aliyeanguka. Na akianza mmoja, wengine hujiunga. Julai 2019 huko Triggiano, karibu na Bari nchini Italia, mfunzaji mwenye uzoefu mkubwa alishambuliwa na mmoja wakati wa mazoezi, na watatu wengine wakaongezeka kabla wasaidizi hawajaweza kumtoa. Alikufa. Fikirini basi ulingo ulivyo: vumbi la mbao, mkojo, maji, nyaya, stuli za kila ukubwa, viatu vilivyochaguliwa kwa kung'aa. Sijui kazi nyingine ambamo kuteleza ni hukumu ya kifo, na sakafu ikaachwa namna ile.

Kuhusu jeraha lenyewe, kwa kuwa ni eneo langu. Chonge la chui milia hufikia sentimita sita hadi saba, na kwa nje linaacha tundu dogo linalomdanganya asiyejua. Uharibifu uko chini, kwenye mishipa, neva na mfupa. Mdomo wa paka umejaa vijidudu, Pasteurella wakiwa maarufu kati yao, na vinaingizwa kina kirefu ambako kuosha hakufiki. Aliyeng'atwa hata kidogo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asisubiri kesho aone kama patavimba. Nimewahi kuona watunzaji wakifunga kidonda kwa kitambaa na kurudi kazini kwa kuona haya. Tafadhali, msiruhusu.

Huulizwa: si wamezaliwa kizimbani vizazi kwa vizazi, mbona hawajawa wa kufugwa? Kwa sababu kumzoesha mnyama mmoja si kubadilisha jamii yake. Huko Novosibirsk, tangu 1959, wanasayansi waliwachagua mbweha wapole kuliko wote, kizazi baada ya kizazi, ndipo tabia ikaanza kugeuka. Kwa paka wa maonyesho hakuna aliyechagua upole. Kilichochaguliwa ni sura. Chui milia weupe wengi wa kizimbani wametokana na dume mmoja, Mohan, aliyekamatwa Rewa nchini India mwaka 1951, na walizalishwa ndugu kwa ndugu ili rangi isipotee. Wengi wana makengeza kwa sababu mishipa ya macho imeungana na ubongo kwa njia isiyo ya kawaida. Mnyama asiyeona sawasawa, mbele ya taa kali na moshi wa jukwaani: mimi nisingemkabidhi shingo ya mtu yeyote.

Hatari hii pia haibaki kwa mfunzaji aliyeikubali. Paris, Novemba 2017, chui milia jike alitoka kwenye sarakasi akaingia mtaani, na mwenye mnyama huyo akampiga risasi na kumuua. Ladispoli karibu na Roma, Novemba 2023, simba alitembea kwa saa kadhaa mjini huku watu wakiambiwa wajifungie ndani, hadi alipodungwa dawa ya usingizi. Mkoa wa Krasnodar, Urusi, 2018, simba jike alimjeruhi mtoto wa miaka minne aliyekuja kutazama. Mtoto yule hakusaini mkataba wowote. Polisi wa Ladispoli nao hawakuajiriwa kukabili simba.

Wapo watakaoniambia juu ya Gunther Gebel-Williams, mfunzaji mashuhuri wa wanyama wa sarakasi, aliyestaafu 1990 baada ya maelfu ya maonyesho na kufa kwa maradhi miaka kumi na moja baadaye. Ni kweli, na alikuwa bingwa. Aliondoka pia na makovu mengi mwilini. Rekodi safi inaonyesha ubora wa mtu yule na bahati yake. Haisemi chochote juu ya kesho jioni. Roy naye alikuwa na maelfu ya maonyesho nyuma yake asubuhi ya tarehe 3 Oktoba. Tena, kadiri mtu anavyokaa bila kudhurika, ndivyo ile hatua moja niliyoieleza inavyozidi kuwa fupi. Wakubwa wa kazi hii wengi walijeruhiwa na mnyama waliyemjua kuliko wote.

Juu ya maisha ya wanyama wenyewe nitasema machache, ingawa yangestahili mhadhara wake. Simba hupumzika hadi saa ishirini kwa siku. Mpe gari la kusafirishia, kelele, safari za usiku na maonyesho mawili kwa siku, kisha shangaa kwamba siku moja hakutaka.

Nchi kadhaa zimechukua hatua. India ilizuia kuwafunza na kuwaonyesha simba na chui milia mwishoni mwa miaka ya 1990, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha amri hiyo mwaka 2001. Bolivia ilipiga marufuku wanyama wote katika sarakasi mwaka 2009. England ilizuia wanyama pori katika sarakasi zinazosafiri tangu Januari 2020, na Ufaransa imeweka Desemba 2028 kuwa mwisho. Marekani ilipitisha sheria ya paka wakubwa Desemba 2022, ikazuia watu binafsi kuwamiliki na umma kushikashika watoto wao, lakini haikuyafuta maonyesho.

Marufuku peke yake haitoshi. Simba wa kizimbani anaweza kufika miaka ishirini, anakula nyama kila wiki ya maisha yake, na hawezi kuachiwa porini, kwa kuwa hajui kuwinda na haogopi watu. Bolivia ilipopitisha sheria yake, simba 25 walisafirishwa kwa ndege mwaka 2011 hadi hifadhi moja huko Colorado, ambako walipata uwanja mpana, na hakuna aliyewataka wapande juu ya kitu. Wanaharakati wa ulinzi wa wanyama walilipia. Serikali yoyote inayoandika tarehe ya mwisho iandike kwenye sheria hiyo hiyo nani atalipia nafasi, chakula na daktari, na jina la hifadhi iliyokwisha kukubali kuwapokea. Na wafunzaji waajiriwe huko. Wanajua kuyasoma masikio yale kuliko mtu yeyote aliyemo humu, na nyuma ya wavu, bila watazamaji, wanaweza kusimama wakati wowote mnyama anapokataa.

Sasa nipo tayari kwa maswali yenu.