Feri Nayo Ikaguliwe

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Bi mkubwa mmoja kaniuliza pale mlangoni kuhusu dawa za nano, zinazobebwa mwilini na chembe ndogo mno: "Mwanangu, hizo chembe zikishafikisha dawa, zenyewe huishia wapi?" Swali hilo halikuwa la kujibiwa kwa kusimama, kwa hiyo ninayoyasema leo ni jibu lake.

Wengi wetu tumevuka Likoni. Tukiwa kivukoni macho yetu huwa kwa abiria na mizigo; feri yenyewe hatuikumbuki mpaka ilete matata. Katika dawa za nano, dawa ndiyo abiria, na chombo ni chembe ya mafuta, ya plastiki inayomeng'enywa mwilini, au hata ya madini. Nyingi huwa na upana wa nanomita 100 hivi; nanomita ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni. Unywele mmoja una nanomita 80,000 hivi, na uzi wa DNA, unaobeba jeni zetu, una nanomita 2 tu.

Dawa hizi zimeshatoka maabara zamani. Marekani iliidhinisha Doxil mwaka 1995, dawa ya saratani iliyofungwa ndani ya vifuko vya mafuta viitwavyo liposomu. Kala-azar, ugonjwa unaowatesa ndugu zetu wa Baringo na Turkana, ina dawa iitwayo amfoterisini; ikitiwa ndani ya liposomu, huziumiza figo kidogo kuliko ikitiwa tupu. Mimi nazitetea dawa hizi, na ndiyo sababu nataka vyombo vyake vipimwe sawasawa.

Kipimo mashuhuri cha kujua kama kitu kinaharibu jeni ni cha Bruce Ames wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, cha miaka ya 1970. Huchukuliwa bakteria wa Salmonella waliopoteza uwezo wa kujitengenezea histidini, kirutubisho wanachohitaji ili wakue. Wakikosa kupewa, hawaongezeki. Ukiwatilia kitu kinachobadilisha jeni, baadhi yao hurudiwa na uwezo ule, wakaota madoa unayoweza kuyahesabu kwa macho. Ni kipimo rahisi, na kimefichua kemikali nyingi hatari.

Lakini bakteria ana ukuta mgumu, wala hana desturi ya kumeza vitu vikubwa kama seli zetu zifanyavyo. Chembe yaweza kubaki nje siku nzima, kisha ripoti ikaandikwa: "Haina madhara kwa jeni." Hapo mimi hukasirika kweli! Huwezi kumsifu mtu kwa uaminifu ilhali hukumfungulia mlango wala hakuiona fedha. Wataalamu wa OECD, shirika la nchi nyingi la ushirikiano wa uchumi na maendeleo, ambao miongozo yao hufuatwa na maabara nyingi duniani, hawapendekezi kipimo cha Ames kwa chembe za nano.

Basi tunakwenda kwenye seli za wanyama na za binadamu. Kipimo kimoja hutafuta viini vidogo vya pembeni, yaani vipande vya kromosomu (mafungu ya DNA) vilivyoachwa nyuma seli ilipogawanyika. Hapo pana mtego. Ili kuzihesabu vizuri seli zilizogawanya kiini, hutiwa dawa iitwayo sitokalasini B, nayo huizuia seli isikatike ikawa mbili. Dawa hiyo hiyo huifunga seli mdomo, isimeze chembe. Mpimaji akivitia vyote viwili kwa pamoja, amejidanganya. Sharti chembe zitangulie, ziachwe ziingie, ndipo sitokalasini ifuate. Na hadubini ya elektroni ithibitishe kwamba kweli zimeingia.

Kingine ni kipimo cha nyotamkia. Seli hulazwa kwenye jeli, umeme ukapitishwa. DNA iliyo nzima hubaki pamoja kama duara. Iliyokatika huburutwa ikawa mkia. Tatizo, chembe nyingine hung'aa zenyewe au huishika rangi ya kupimia, kwa hiyo lazima pawe na jeli ya kulinganisha.

Tena, chembe haina lazima ya kuigusa DNA ndipo iiharibu. Yaweza kuzalisha oksijeni kali ndani ya seli, au kuamsha uvimbe katika nyama ya mwili, na seli za kinga zikaja kwa fujo zikawaumiza majirani. Madhara ya namna hii hayaonekani kwenye kisahani cha seli za aina moja.

Sasa bi mkubwa, chembe nyingi zikitiwa kwenye mshipa huishia kwenye ini na wengu, kwa sababu huko ndiko ziliko seli zinazosafisha damu. Kwa hiyo mnyama wa majaribio akipimwa damu peke yake, mimi siridhiki. Nataka kuuona mkia wa seli za ini, siku ya kwanza, na tena baada ya wiki kadhaa, chembe zikiwa bado zimo.