Yuko Wapi Mlinzi?

Shikamooni wakubwa zangu. Wenzangu, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie ufundishaji wa tamthilia za kale kwa wanafunzi wa fasihi, historia na falsafa. Nitashika moja tu, Antigone ya Mgiriki Sophocles, iliyochezwa Athens mnamo 441 KK hivi, maana ndiyo iliyoniumbua.

Mwanzoni niliifundisha kama tulivyofundishwa sote: fani na maudhui. Mfalme Creon kakataza Polyneices, aliyekufa akiushambulia mji wake mwenyewe, asizikwe; dada yake, Antigone, kamzika. Haya, tajeni migogoro. Wakataja: sheria ya dola dhidi ya sheria ya miungu. Nikasahihisha rundo la karatasi zilizofanana kama sare za shule.

Mwaka uliofuata niliyaweka kando maswali yangu. Nikawaambia: Sophocles alikuwa na waigizaji watatu, wanaume watupu, wamevaa barakoa, mbali na korasi, kundi la waimbaji 15. Wagawieni nafasi zote.

Penseli zikakwama pale mlinzi wa maiti anapomleta Antigone kwa Creon. Waigizaji wale watatu wote wako mbele ya watazamaji. Mlinzi anatoka; baada ya mistari kama 80 anaingia Ismene, dada yake Antigone, na Creon na Antigone hawajabanduka. Binti mmoja akainua kichwa: "Mwalimu, kumbe Ismene ndiye yule yule mlinzi!"

Ndiye, hakuna mwingine. Sasa mtazameni mwigizaji huyo. Katoka akishukuru kuiponya roho yake, ingawa anakiri kwamba inauma kumtia mwenzako matatani. Yuko nyuma anahangaika na barakoa na vazi, na huku mbele Antigone anasema maneno yale mazito ya sheria za miungu zisizoandikwa. Anarudi, na koo lile lile lililokuwa likijitetea linaomba kufa pamoja na dada yake. Je, watazamaji waliitambua sauti? Tulibishana mpaka muda ukatuishia.

Kijana mmoja wa Pwani hakuwa na habari na ubishi huo. Yeye alikwama kwenye taarifa ya mlinzi: Antigone kachota vumbi kavu kwa mikono, kisha kammiminia maiti sadaka mara tatu kutoka jagi la shaba. "Sisi Waislamu tukizika hutupa udongo kaburini, mara tatu," akasema, na mkono wake ukafanya vile bila yeye kujua. Nilimwonya kwamba mambo haya mawili hayana asili moja. Lakini tangu siku hiyo sikuhitaji kumweleza kwa nini mji mzima unatikisika kwa vumbi lisilofika hata kina cha kaburi.

Najua mtaniuliza habari za mtihani. Siku hizi swali langu ni hili: Antigone anapotetea sheria zisizoandikwa, mlinzi yuko wapi na anafanya nini? Bado wapo wanaonijibu: sheria ya dola dhidi ya sheria ya miungu. Nawapa alama mbili, za mwandiko.