Mbona uko London na bado unapanda baiskeli isiyo na gia?

Assalaam alaykum ndugu zangu, habari za huko nyumbani. Leo sitembezi kamera mjini. Nimekaa hapa mlangoni na baiskeli zangu mbili, kwa sababu kila video swali ni lile lile: "Kaka, miaka yote hiyo London bado unapanda baiskeli, tena hata gia haina?" Mmoja anasema najidai, nina baiskeli mbili wakati watu wanakwenda kwa miguu. Mwingine anasema nalialia, maisha yamenishinda. Sijidai wala silii. Naeleza yaliyonikuta mimi, na kila mtu ana lake.

Kwanza tuelewane. Hii nyeusi siyo kama Phoenix ya baba. Phoenix haina gia, sawa, lakini ina friwili: ukiacha kupiga pedeli inaserereka yenyewe, unasikia ule mlio wa tiktiktik nyuma. Hii haina friwili. Meno ya nyuma yamekazwa moja kwa moja kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa hiyo gurudumu likizunguka na pedeli zinazunguka, upende usipende. Kupunguza mwendo unazibania pedeli kwa miguu. Wenyewe wanaiita fiksi. Na msidanganywe na video za vijana wanaoendesha bila breki. Kanuni za hapa za mwaka 1983 zinataka breki mbili, kila moja ifanye kazi kivyake. Miguu yako kwenye pedeli inahesabiwa kuwa breki ya nyuma, lakini ya mbele lazima iwepo.

Mimi mtoto wa Ngamiani, Tanga. Nimeanza baiskeli mguu ukipita katikati ya fremu kwa sababu kiti sikifikii. Nikadhani najua baiskeli. Wiki ya pili na fiksi, kamba ya kiatu ikaingia kwenye pedeli. Baiskeli ya kawaida ungetuliza mguu ukaitoa. Hii haitulii. Kamba ikajiviringa mzunguko kwa mzunguko, kiatu kikavutwa, vidole vikabanwa humo ndani, nikakamata breki ya mbele nikaangukia ubavu kando ya basi lililosimama kituoni. Lingekuwa linatembea, leo msingeniona hapa. Tangu siku ile kamba nazichomeka ndani ya kiatu, na kabla sijatoka nainama nazigusa.

Sasa kwa nini niliinunua? Hela. Nilikuwa nakaa Barking, mashariki mwa London, nafanya usafi maofisini mjini, zamu inaanza saa 11 alfajiri. Nauli ya basi wakati ule paundi 1.75 kwenda, 1.75 kurudi, siku 6 kwa wiki, hiyo ni paundi 21. Fiksi nilimpa mtu paundi 110. Wiki ya sita hela yangu imerudi. Na ile njia ya baiskeli ya kutoka Barking mpaka Tower Hill, katikati ya mji, ni tambarare, kama unakwenda Raskazone kule kwetu Tanga. Pale fiksi ni tamu jamani. Yangu ina meno 46 mbele na 16 nyuma. Pedeli ikizunguka mara moja umesogea kama mita 6. Haina waya wa gia, haina kile kidude cha kuhamisha cheni. Wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu isigande, na chumvi ile inakula chuma. Mimi nilikuwa nafuta cheni, natia mafuta, nalala.

Mnaosema ninunue gari: leseni ya Tanzania hapa unaitumia miezi 12 tangu uwe mkazi, basi. Haibadilishwi. Unaanza upya kama mtoto: leseni ya kujifunzia paundi 34, mtihani wa maswali paundi 23, wa barabarani paundi 62. Na mimi Tanga–Dar nimeiendesha mpaka siihesabu. Ukipata gari kuukuu lenye moshi mchafu, kila siku unayoliendesha ndani ya London ni paundi 12.50. Bima sijaitaja.

Kodi ya chumba ilipopanda nikahamia upande wa Crystal Palace, kusini mwa London. Huko ni vilima. Kupanda na meno 46 kwa 16 unasimama juu ya pedeli, unasukuma kwa uzito wa mwili wote. Kushuka ndiko kubaya zaidi, miguu inakwenda kama cherehani na huwezi kuipumzisha. Mwezi wa pili goti la kushoto likaanza kuuma, mpaka nikipanda ngazi kazini na ndoo ya maji nashikilia ukuta.

Ndipo nikatafuta ya gia, na hapa nina donge. Kuna mpango unaitwa Cycle to Work: mwajiri anakupatia baiskeli, unakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara kabla ya kodi. Nikajaza fomu, nikapeleka karatasi ya bei, nikasubiri wiki 3. Jibu: haiwezekani, unalipwa kima cha chini, makato yatakushusha chini ya kima cha sheria. Naelewa, sheria ile ipo kunilinda. Lakini wakubwa ninaowafutia meza, baiskeli zao za maelfu zimepangwa kule chini na kodi wamepunguziwa. Mimi ninayeokota vikombe vyao nilipe bei kamili? Liliniuma, na bado linaniuma. Nilidunduliza miezi 4, nikalipa paundi 320 taslimu. Mwezi mmoja katika hiyo sikutuma hela nyumbani, na niliyoambiwa kwenye simu nimeyaweka moyoni.

Ya gia, nikiiweka kwenye gia nyepesi, meno 34 mbele na 32 nyuma, pedeli moja inanisogeza mita 2 na kidogo tu, lakini kilima kile kile napanda nimekaa, napumua vizuri. Goti limetulia. Kazini nakwenda na hii. Fiksi ni ya Jumapili, chini kwenye tambarare, kwa sababu naipenda. Barabara yenyewe unaisikia miguuni, hata lami ikiloa unajua kabla hujateleza. Lakini goti langu siyo goti lako. Usinunue kwa sababu umeniona mimi.

Na mdogo wangu wa Mikanjuni uliyeomba nikutumie fiksi: hapana, mdogo wangu. Wewe unabeba mkaa, unampakia mama kwenye karia. Ukibanwa na daladala na mzigo ule, pedeli zitakuvunja mguu. Halafu tairi yake haiingiliani na ya Phoenix, ikipasuka fundi wako hapo barabarani hana ya kukupa. Tafuta Phoenix nzuri, uikague fremu na breki, kisha uniambie bei mwisho wa mwezi.